Si ya ukoo, ni ya koo: historia ya ugonjwa wa valvu za moyo



Mimi nilisoma agronomia. Mukiona mutu wa mihogo na mahindi anaandika juu ya moyo, muko na haki ya kuniuliza: "Weye, nani alikutuma kule?" Jibu ni fupi. Ilianza ku nyumba yetu, hapa Bukavu, siku ya kuzungumuza mahari ya mudogo wangu.

Alikuwa na miaka 23. Kijana alikuwa amekwisha kujitambulisha, na siku ile wazee wake walikuja kusikilizana na wazee wetu. Mudogo wangu alishuka kuleta vinywaji, akapanda ngazi za nyumba yetu (wale wa Kadutu munajua ngazi zetu), akafika juu anahema sawa mutu aliyefukuzwa. Shangazi ya kijana aliona, akauliza. Mama yetu hajuake kudanganya. Akasema: "Munganga alisema valvu moja ya moyo wake haifunguke muzuri." Yule shangazi akanyamaza kidogo, akakumbuka kama mama mudogo wetu alikufaka na miaka 31, naye ku moyo. Akasema polepole tu: "Basi ni ugonjwa ya ukoo."

Hakuna mutu aliyeongeza neno. Wageni walimaliza soda zao, wakaaga kwa heshima, na mazungumuzo ya mahari yakabakia pale.

Mimi niko na lisansi, lakini siku ile sikuwa na jibu. Ningeweza kuwaambia mosaiki ya mihogo inatoka wapi, lakini ugonjwa wa mudogo wangu hapana. Kwa hiyo nilianza kusoma usiku, wakati umeme unakuwako. Nilikuta historia ndefu, na tena nilikuta kitu ambacho sikukitazamia: mu historia hii watu wa kilimo wako kila mahali. Njo sababu ninaiandika hapa.

Valvu inafanya nini

Moyo uko na valvu ine. Kila moja ni kama mulango unaofungukia upande mumoja tu: damu inapita, mulango unajifunga, damu hairudi nyuma. Wale waliosoma pompe za kumwagilia mashamba munajua klapeti. Ni kazi ileile. Kwa siku moja moyo unapiga karibu mara 100 000, na milango ile inafanya kazi kila mara.

Mulango unaweza kuharibika kwa namna mbili. Unaweza kukataa kufunguka vizuri, damu inabanwa nyuma, mapafu yanajaa maji, mutu anahema. Ao unaweza kukataa kufungika, damu inarudi, na moyo unafanya kazi ileile mara mbili mupaka unachoka.

Kujua hayo kulikamata muda. Karibu na mwaka wa 1513, Leonardo da Vinci, yule mupiga picha wa Italia, alifikiria kutengeneza mufano wa valvu kwa kioo na kutia mu maji mbegu ndogondogo za majani, kusudi aone maji yanazunguka namna gani nyuma ya valvu. Mu 1628, William Harvey wa Uingereza alionyesha kama damu inazunguka mwilini, na kama valvu njo zinalinda njia yake. Mu 1816, ku Paris, René Laennec alikunja karatasi, akaweka upande mumoja ku kifua cha mugonjwa na upande mwingine ku sikio lake. Pale njo stetoskopi ilianza. Kuanzia hapo, wanganga waliweza kusikia valvu mubaya: inapiga kelele sawa maji yanayopita mu bomba lililobanwa.

Kusikia waliweza. Lakini kuponya hawakuweza, na hata sababu hawakuijua.

Mikrobi ya koo

Watoto wa maskini ku London, Paris, New York na Boston walikuwa wanashikwa na kitu kimoja. Mutoto anaumwa koo, anapona. Kisha juma mbili ao tatu, homa inarudi, goti linavimba. Goti lile linapona, kiwiko kinaanza. Kisha viungo vyote vinapona, wazazi wanashukuru Mungu. Lakini moyo umekwisha kuguswa. Kisha miaka kumi ao makumi mbili, mutoto yule, sasa kijana ao mama mujamuzito, anaanza kuhema. Wanganga waliita ile homa ya rumatisma.

Mikrobi yenyewe ni streptokoki. Mu miaka ya 1930, mwanamuke mumoja wa New York, Rebecca Lancefield, alipanga streptokoki mu makundi kwa herufi, na ile ya koo inayoleta homa ya rumatisma ikakuwa kundi A. Lakini mikrobi haikule valvu. Askari wa mwili njo wanafanya uharibifu. Wanajifunza kutambua mikrobi, na vipande vya mikrobi vinafanana na vipande vya moyo. Askari wanakosea adui, wanapiga nyumba yao wenyewe. Kila mara mutoto anashikwa tena na koo, askari wanarudi, kovu linaongezeka. Mwishoni majani ya valvu yanakuwa mazito na yanashikamana.

Sasa sikilizeni vizuri. Ku inchi zile za Ulaya na Marekani, homa ya rumatisma ilianza kupunguka mbele ya penisilini kupatikana. Kwa nini? Juu watu walianza kupata nyumba kubwa zaidi, watoto wakaacha kulala sita mu chumba kimoja, chakula kikaongezeka. Streptokoki inapita kutoka koo moja mupaka koo lingine kwa mate na kwa kukohoa. Punguza musongamano, unapunguza moyo mubaya. Dawa ilikuja nyuma na kumaliza kazi.

Tikiti la soko la Peoria

Hapa njo kilimo kinaingia. Mu 1928, ku London, Alexander Fleming aliona ukungu mumoja unaua mikrobi. Lakini miaka kumi na zaidi ilipita bila dawa ya kutosha hata kwa wagonjwa kidogo. Mu 1941, Howard Florey na Norman Heatley wa Oxford walibeba ukungu wao, wakavuka bahari kwenda Marekani, juu inchi yao ilikuwa mu vita. Walitumwa ku Peoria, mu jimbo la Illinois. Kulikuwa nini kule? Laboratware ya wizara ya kilimo!

Watu wa Peoria walikuwa na mahindi mengi. Viwanda vya wanga vinapolowesha mahindi, kunabakia maji mazito ambayo hakuna mutu anayataka. Walilisha ukungu maji yale, na ukungu ukatoa penisilini mingi kupita mbele. Tena walitafuta ukungu wenye nguvu zaidi kila mahali, na mu 1943 ule ulioshinda ulitoka ku tikiti lililooza la pale Peoria kwenyewe. Ukungu wa viwanda vya penisilini wa leo ni vitukuu vya ukungu wa tikiti lile. Wanafunzi wa agronomia, wakati mwingine watu wakiwaambia "muko munasomea kulima tu", muwape hadisi hii.

Kisha vita, ku kambi ya jeshi la anga ya Warren, mu jimbo la Wyoming, askari vijana walikuwa wanalala pamoja mu mabweni na koo zilikuwa zinawasumbua. Wanganga Floyd Denny, Lewis Wannamaker na Charles Rammelkamp walitoa penisilini kwa wamoja na wengine hapana, wakalinganisha. Mu 1950 walitangaza matokeo: wale waliopewa penisilini, homa ya rumatisma ilikuwa karibu kutoweka kati yao. Leo tunajua kama hata ukianza dawa siku ya tisa ya koo, ungali unalinda moyo. Mu mwanzo wa miaka ya 1950 vilevile ilipatikana benzatini penisilini, ile sindano nzito inayouma ku tako, ambayo inakaa mwilini majuma. Sindano moja inatosha kwa koo. Na kwa mutu ambaye homa ya rumatisma ilikwisha kumushika, sindano moja kila juma tatu ao ine, kwa miaka mingi, inamulinda kusudi isirudie.

Inchi zisizo tajiri zilijaribu pia. Kosta Rika iliamua mu miaka ya 1970 kuchoma sindano ile watu wanaokuja na koo, bila kungojea laboratware, na homa ya rumatisma ikaanguka sana. Ku visiwa vya Martinique na Guadeloupe, kazi ya miaka kumi kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980 ilipunguza visa kwa karibu robo tatu. Hawakujenga hospitali za ajabu. Walifundisha wazazi, walimu na wauguzi, wakahakikisha dawa iko.

Kidole, mupira, nguruwe na majani ya ngombe

Na wale ambao valvu imekwisha kuharibika? Historia yao ni ya ujasiri na ya woga pamoja.

Mu 1923, ku Boston, Elliott Cutler alipasua moyo wa musichana wa miaka 12 na akajaribu kufungua valvu yake. Mu 1925, ku London, Henry Souttar aliingiza kidole chake ndani ya moyo wa musichana mwingine, akafungua valvu kwa kidole. Musichana alipona. Lakini wanganga wengine hawakumutumia Souttar mugonjwa mwingine hata mumoja. Waliogopa kugusa moyo. Ilibidi kungojea mupaka 1948, Charles Bailey ku Philadelphia na Dwight Harken ku Boston, kusudi kazi ile ianze tena. Mu 1953, John Gibbon alitumia mashini inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimama. Sasa wanganga waliweza kufungua moyo na kuangalia ndani.

Mwaka wa 1960 njo mwaka mukubwa. Mu mwezi wa tatu, mupasuaji mwanamuke, Nina Braunwald, aliweka valvu aliyoichora yeye mwenyewe mu moyo wa mugonjwa. Mu mwezi wa tisa, ku Portland, Albert Starr aliweka valvu aliyoitengeneza pamoja na enjenia Lowell Edwards: kampira kadogo ndani ya kizimba cha chuma, kanapanda na kushuka. Mwanaume mumoja wa wale wa kwanza aliishi nayo miaka kumi. Na hakukufa ku moyo. Alianguka kutoka ku ngazi.

Lakini damu ikigusa chuma, inaganda. Mutu mwenye valvu ya chuma anahitaji dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote. Dawa ile ilitoka wapi? Tena ku shamba. Mu miaka ya 1920, ngombe za Marekani na Kanada zilikuwa zinakufa kwa kutokwa damu kisha kula majani makavu yanayoitwa melilo, yaliyooza juu ya mvua. Mu 1933 mukulima mumoja alibeba ngombe iliyokufa na ndoo ya damu isiyoganda mupaka ku chuo kikuu cha Wisconsin, kwa Karl Paul Link, muprofesa wa kemia ya kilimo. Link na wanafunzi wake walitafuta miaka mupaka wakapata kile kinachozuia damu kuganda mu majani yale. Pale njo warfarini ilitoka. Kwanza iliuzwa sawa sumu ya panya, mu 1948. Mu miaka ya 1950 ikakuwa dawa ya watu. Hata mu 2022, utafiti mukubwa wa wagonjwa wa rumatisma wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulionyesha kama dawa mupya moja haikuweza kuishinda ile dawa ya majani yaliyooza.

Njia nyingine ilikuwa kuacha chuma. Mu 1965, ku Paris, Jean-Paul Binet na Alain Carpentier waliweka mu moyo wa mutu valvu ya nguruwe. Mu miaka iliyofuata Carpentier aliiloweka mu glutaraldehidi, dawa inayotumikaka pia kukausha ngozi za nyama, kusudi mwili usiikatae na isioze upesi. Leo wanatumia tena ngozi laini inayofunika moyo wa ngombe. Valvu ya nyama haihitaji warfarini maisha yote, lakini kwa kijana inachakaa upesi, na lazima kupasua tena.

Kwa hiyo musichana wa miaka 23 anapewa swali gumu: valvu ya chuma na warfarini, ambayo inaweza kuumiza mutoto tumboni, ao valvu ya nyama ambayo haitadumu. Kwa bahati, kwa valvu iliyoshikamana tu, kuko njia ya tatu. Kanji Inoue wa Japani alianzisha mu miaka ya 1980 kupitisha puto ndogo mu mushipa wa paja mupaka ndani ya moyo, kuijaza, na kuachanisha valvu bila kupasua kifua. Na mu 2002, ku Rouen, Alain Cribier aliweka valvu nzima kwa njia ya mushipa, kwa mugonjwa aliyekuwa zaifu kabisa kwa kupasuliwa.

Na ukoo je?

Sasa ninarudi ku swali la yule shangazi. Simucheki. Swali lake ni la maana, na sehemu moja iko na ukweli.

Kuko magonjwa ya valvu ambayo yanapita kweli mu damu ya jamaa. Kwa kawaida valvu ya mushipa mukubwa inayotoka ku moyo iko na majani matatu. Kati ya watu 100, mumoja ao wawili wanazaliwa na majani mawili tu, na jambo hilo linarudia mu jamaa fulani. Mu 2005, kundi la Vidu Garg na Deepak Srivastava ku Marekani lilionyesha kama mu jamaa fulani sababu ni kuharibika kwa jeni moja, NOTCH1. Kuko ugonjwa wa Marfan, ambao Antoine Marfan wa Paris aliandika habari yake mu 1896, na jeni yake ikajulikana mu 1991: watu warefu, vidole virefu, na valvu zinazolegea. Ku Nantes, mu 2007, watafiti walipata jeni nyingine mu jamaa moja kubwa ambamo wanaume njo wanaumia zaidi. Na wazee wa Ulaya, valvu yao inajaa chokaa; ile pia iko na sehemu ya kurithi na sehemu ya uzee.

Na rumatisma? Watafiti waliangalia mapacha. Kwa mapacha wanaofanana kabisa, wenye jeni zilezile, mumoja akishikwa, nafasi ya mwenzake kushikwa ni kama 44 kwa 100. Kwa mapacha wasiofanana, ni kama 12 kwa 100. Inamaanisha nini? Wepesi wa kushikwa unarithiwa. Lakini hata mapacha wenye damu moja, mara nyingi mumoja anabakia muzima. Na bila streptokoki, wote wawili wanabakia wazima.

Wenzangu wa agronomia mutaelewa upesi. Mbegu moja ya muhogo inaweza kuwa nyepesi kushikwa na mosaiki kuliko nyingine. Lakini mbegu haizae mosaiki. Virusi na inzi mweupe njo vinaileta. Ukipanda mbegu ileile mahali pasipo virusi, unavuna.

Basi nilimukalisha mama, nikamuuliza polepole juu ya ndugu yake. Mama mudogo akiwa mutoto, aliumwaka magoti? Mama alifikiria, akasema ndiyo: kule Kabare, alikuwa na miaka kama kumi, magoti yalivimba moja kisha lingine, bibi akamupaka mafuta. Walikuwa wangapi mu nyumba? Watoto saba, kitanda kimoja na mukeka. Na mudogo wangu? Nilikumbuka mimi mwenyewe. Alikuwa na miaka 11, alikaa bila kwenda ku masomo karibu mwezi muzima. Ku kituo cha afya walisema malaria, kisha wakasema baridi, wakamupa parasetamoli. Wakati ule tulikuwa tunalala watoto sita mu chumba kimoja.

Munganga wa moyo alipoangalia ekografi alisema jambo lilelile: majani ya valvu yameshikamana ku kona, namna rumatisma inafanyaka. Si ya kuzaliwa.

Kumbe kile jamaa yetu ilirithisha watoto wake kilikuwa chumba kidogo. Si ya ukoo, ni ya koo.

Nilifikiri mama atafurahi. Alinyamaza, kisha akasema: "Basi ni mimi. Alikuwa analia koo inamuuma, nikamupa asali na ndimu."

Wandugu, ile neno iliniumiza kuliko ya shangazi. Niliona kama nilitoa muzigo ku damu yake nikauweka ku mikono yake. Kwa hiyo nilimuelezea historia yote ninayowaandikia hapa, jioni mbili nzima. Nilimuambia juu ya wamama wa London na New York, ambao nao walitoa asali, na watoto wao nao wakafa. Kitu kilichogeuza maisha yao hakikuwa upendo zaidi. Ilikuwa nyumba zenye nafasi, na sindano iliyokuwako ku kituo cha afya, na muuguzi anayejua kuuliza magoti na kusikiliza moyo. Mama yangu angepewa vitu hivyo vitatu, angevitumia.

Tuko wapi leo

Mu 1998 watafiti walitangaza matokeo ya kupima wanafunzi wa Kinshasa: karibu watoto 14 kwa 1000 walikuwa na ugonjwa huu wa moyo, na ku mitaa ya maskini walikuwa wengi zaidi. Duniani, zaidi ya watu milioni 40 wanaishi nao, karibu wote mu inchi sawa yetu. Mu 2018 mukutano mukuu wa Shirika la Afya Duniani ulichukua azimio la kupigana nao.

Kuko pia habari nzuri ku jirani. Ku kaskazini ya Uganda, watafiti walipima watoto kwa ekografi, wakapata 818 ambao ugonjwa ulikuwa umeanza kidogo na wao hawajui. Nusu walipewa sindano ya benzatini kila juma ine kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mu 2021: kati ya waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto hata mumoja kwa 100 hawafike. Kati ya wale wengine, nane kwa 100. Ni sindano ileile ya miaka ya 1950. Na ku Kigali, ngambo tu ya Ruzizi, timu kutoka Boston zinakuyaka tangu 2008 kupasua valvu pamoja na wanganga wa kule. Njia iko, lakini kitanda ni kidogo na wagonjwa ni wengi. Ni rahisi zaidi kulinda koo.

Muniruhusu kusema kitu cha kutumia nyumbani. Koo nyingi ni za virusi na hazihitaji penisilini. Mutoto akiwa na mafua na kikohozi, mara nyingi ni hiyo. Lakini mutoto wa miaka 5 mupaka 15 mwenye homa, koo nyekundu inayouma kumeza, uvimbe chini ya taya, na bila kikohozi, mumupeleke kwa muuguzi mbele ya siku tisa kupita. Viungo vikivimba moja kisha kingine, musikubali parasetamoli peke yake. Muombe wasikilize moyo. Na yule aliyeanza sindano za kila mwezi asiziache juu anajisikia muzuri. Anajisikia muzuri kwa sababu ya sindano.

Mudogo wangu hajapasuliwa. Munganga anasema valvu yake ingali inavumilia, na siku moja puto inaweza kutosha. Kila juma ine anaenda kuchomwa, na kila mara anarudi akilalamika juu ya tako. Kijana alikuja kuniona peke yake. Nilimuchorea valvu ku karatasi, nikamuelezea tikiti, mahindi, mapacha, yote. Aliuliza kama watoto watarithi. Nilimujibu kama nilivyowajibu ninyi: watarithi pengine wepesi, lakini koo lao likilindwa, moyo wao utakuwa muzima. Aliomba karatasi aibebe kwa shangazi yake. Tungali tunangojea jibu lao.

Juma iliyopita, mutoto wa yaya yetu aliamuka na homa, koo inamuuma, bila kikohozi. Mama hakungojea mutu. Alivaa kikwembe, akamufunga mutoto ku mugongo, akashuka ngazi zote mupaka ku kituo cha afya. Mwanzo walimupa parasetamoli. Alikataa kusimama ku kiti mupaka muuguzi alipoangalia koo.